Wanawake wa Sinia Sita

Nabintu hakuzeeka. Ninaliandika hili mwanzoni kabisa kwa sababu ndilo jambo la kwanza nililoliona, na ndilo lililonikera, siku tuliyoondoa matanga ya Prof Anselmi kule Bujumbura. Nilikuwa nimeketi chini ya hema pamoja na wanafunzi wake wengine wa zamani, kiti cha plastiki kimenibana mapaja, soda ya moto mkononi, mara akaingia mwanamke mrefu aliyevaa kitenge cha kijani, shingo nyororo kama ya msichana, na watu wakaanza kumsogezea viti. Alikuwa ametua na ndege juzi yake kutoka Ulaya. Alikuja kumlilia mtu ambaye mimi nilimpelekea uji hospitalini miezi yote ya ugonjwa wake, nikakaa pembeni ya kitanda chake nikimsomea magazeti hadi asinzie, na mjane alipomwona Nabintu alianza kulia upya, kwa sauti, jambo ambalo hakulifanya nilipoingia mimi. Nikamkumbatia rafiki yangu, nikamwambia amenenepa. Akacheka, kwa sababu anajua kwetu hiyo ni sifa. Mimi sikuikusudia iwe sifa.

Kesho yake akaniomba nimpeleke Rumonge. Alitaka kula mukeke, samaki wa ziwa letu, pale pale ufukweni, alisema, na kuiona ile nyumba. Niliendesha mimi. Barabara ya kusini inabanana na maji kwa sehemu kubwa, milima upande wa kushoto, na yeye alikuwa ameteremsha kioo anafurahia kila kitu kama mtalii: mihogo iliyoanikwa, madumu ya mawese yaliyopangwa barabarani, vijana wanaoning'iniza samaki usoni kwa wapita njia. Alipandisha kioo tulipoanza kuiona michikichi. Mimi kichwani nilikuwa nimeshafika tangu Bujumbura. Nilikuwa ndani ya kile chumba cha nyuma, msichana wa miaka ishirini na miwili, ninamsikiliza yeye akipumua upande wa ukutani.

Nyumba ilikuwa nyuma ya soko, katika mtaa wa Waswahili. Prof aliipanga kwa mwaka mmoja ili tufanye staji, mafunzo ya kazi, sisi wawili tu aliotuchagua darasani. Chumba cha mbele kilikuwa ofisi yake: meza, kabati la chuma lisilofungika, na ubao alioununua kwa fundi seremala wa jirani. Chumba cha nyuma kilikuwa chetu, kitanda kimoja, meza moja, taa moja, kitabu kimoja cha takwimu ambacho kurasa zake za katikati zilishikiliwa na uzi. Ukuta kati ya vyumba haukufika kwenye mabati, kwa hiyo kila kilichosemwa kwa Prof kilitufikia sisi, na nadhani kila tulichosema sisi kilimfikia yeye. Tulipika kwa zamu. Siku yangu niliweka wali au maharage, nikajitahidi na viungo, na Prof alikula akasema murakoze, asante ya Kirundi, basi. Siku ya Nabintu ilikuwa sombe, majani ya muhogo. Aliitwanga mwenyewe uani, akaipika na mawese ya Kizuka mpaka mafuta yakaelea juu mekundu, akaweka na ndagala, vile visamaki vidogo vya ziwa letu, na Prof aliomba kuongezewa. Hakuwahi kuniomba mimi nimwongeze. Leo hii naweza kusema kwamba ni sombe tu, lakini wakati ule kila kijiko alichoongeza nilikiona kama kimetoka kwenye sahani yangu.

Maana alikuwa ametuambia mapema, mezani, wiki ya kwanza. "Mabinti, sikilizeni," alisema. "Mwisho wa mwaka iko bursi moja. Masomo ya Ulaya, kila kitu kimelipwa. Nitapeleka mmoja. Tutaona kazi." Akaendelea kula. Mimi na Nabintu hatukutazamana. Tangu siku ile sikuweza tena kumwona akifungua kitabu bila kujiuliza amefika ukurasa gani, na akilala kabla yangu nilifurahi, na akiamka kabla yangu siku yangu ilikuwa imeharibika. Ni mambo ya kitoto, lakini nafasi ilikuwa moja, na mimi niliitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, mume wangu akiwemo, naye analijua hilo.

Kazi yenyewe ilikuwa ya ndagala. Wafadhili fulani walikuwa wanajenga vichanja vya waya ufukweni, ili wanawake waache kuanika samaki mchangani, na walitaka kujua: je, ndagala za kichanjani ni tamu kuliko za mchangani, au ni usafi wa macho tu? Prof aliipenda kazi ile kwa sababu utamu haupimwi kwa mizani. "Mama mmoja akitoa alama nane na mwenzake akitoa nane," alituambia ubaoni, "hamujui kama nane zao ziko sawa. Sasa musiamini namba. Muamini kufuatana." Unachukua alama zote za pande mbili, za mchanga na za kichanja, unazipanga kwenye mstari mmoja kutoka ya chini hadi ya juu, kila moja unaipa nafasi yake. Kisha unajumlisha nafasi za upande mmoja, unaangalia kama zimerundikana juu kuliko bahati tupu inavyoweza kuzirundika. Haikuhitaji kujua lolote kuhusu umbo la alama zenyewe. Niliona ni kitu kizuri, chenye heshima, na bado naona hivyo. Lakini iko na sharti, alisema Prof akigonga ubao: kila jibu lijitegemee, lisitegemee jibu la jirani. Sote wawili tuliandika. Nasisitiza, sote wawili.

Mwanzoni mambo yaliniendea vizuri. Prof alikuwa mtu wa milimani, Kiswahili chake kilikuwa cha kubahatisha, na siku aliyokwenda ufukweni kuwaomba wanawake wajizoeze kupanga, aliwawekea mafungu ya ndagala kwenye mkeka akawaambia, "Bamama, mupange kwa rang." Kwa Kifaransa chake alimaanisha la kwanza, la pili, la tatu. Wanawake wakainama, wakafanya kazi kwa bidii, wakamaliza. Ndagala za fedha huku, za manjano kule, zenye matumbo meusi pembeni. Prof akasimama anakuna kichwa. Wao walikuwa wametii: aliwaambia rangi, wamepanga rangi. Nabintu naye hakuelewa upesi kosa liko wapi, kwao ng'ambo ya ziwa wanachanganya Kifaransa na kila kitu. Ni mimi niliyecheka, nikamweleza Prof, nikawageukia wanawake nikasema, "Mama zangu, anataka mufuatanishe kwa utamu, tamu kabisa mbele, isiyo tamu nyuma," na kazi ikaenda. Njiani kurudi Prof aliniambia, "Zainabu, bila weye nimekufa." Mbele ya Nabintu. Nililala na sentensi ile wiki nzima.

Kwa hiyo siku ya kuonja yenyewe aliniachia niipange mimi. Niliipanga kama mtu anayeoza binti yake. Niliazima mikeka kwa majirani, niliomba ua wa Mama Rukia, muuzaji wa ndagala ambaye ufukwe mzima ulimwogopa na kumpenda, nilipita nyumba kwa nyumba kuwaalika wanawake kwa heshima zote, na walikuja thelathini na sita, wamejitanda vizuri, wamejitia udi. Ndagala zilikaangwa kwa namna moja, bila pilipili. Sinia tatu niliweka za mchangani, sinia tatu za kichanjani, na hakuna mwonjaji aliyeambiwa ipi ni ipi. Wanawake sita kila sinia. Ndiyo, sinia. Ningefanyaje? Ningempa mwanamke wa Rumonge kisahani chake peke yake, akae akigeukia ukuta, ale kama mgonjwa? Angeinuka akaenda zake, na mama yangu angesikia kabla ya magharibi. Nilijivuna na zile sinia. Niliketi mwenyewe kwenye ile ya Mama Rukia, bila kuonja, kuwafanya wajisikie nyumbani.

Nabintu hakuketi. Hawakumkaribisha kuketi, kusema kweli. Mama mmoja alimwambia, "Weye mutoto, shika maji," basi akasimama na birika na beseni, akizunguka kunawisha mikono kutoka sinia moja hadi nyingine, msichana wa Kikongo aliyesuka nywele bila kitambaa. Nilimwona pale akitoka jasho na nafsi yangu ikatulia. Kwenye sinia yetu Mama Rukia alitafuna polepole, akafumba macho, sote tukamsubiri. "Hii iko tamu," akasema. "Iko safi, meno haigongi kitu." Jirani yake akasema kweli, haigongi. Wa tatu akasema yeye tangu alipoinusa alijua. Halafu kila mmoja alininong'onezea alama yake, nikaandika, tisa, nane, tisa, tisa, na kila alama niliikoleza wino, kwa sababu mimi nilijua ni ya kichanja.

Hesabu tuliifanya mchana uliofuata, kwa mkono. Niliipanga mistari mimi, Nabintu akahakiki. Nafasi za kichanja zilikuwa zimepanda juu kiasi kwamba Prof alirudia kujumlisha mara mbili, kisha akavua miwani. Kwa bahati tupu, alisema, kitu kama hiki hukioni karibu kamwe. Wafadhili wangefurahi, ripoti ingesomwa mbali, na aliyeipanga siku ile ni Zainabu. Hakusema hilo la mwisho, nililisema mimi kimoyomoyo. Nilikwenda uani kuosha vyombo ambavyo havikuwa zamu yangu, nikajiona kwenye koti zito, katika mji wenye barafu, nawaandikia nyumbani kwamba chakula hakina ladha.

Nabintu alisema wakati wa chakula, keshokutwa yake. Ilikuwa zamu yake, sombe tena. Alikuwa hajala.

"Prof," alisema, "mi naona hatuna bamama thelathini na sita. Tuko na sinia sita."

Nikacheka. "Niliwaalika mwenyewe, mmoja mmoja. Walikuwa thelathini na sita."

"Bantu balikuwa benyi, najua, ni mi nilinawisha mikono yao bote." Hakunitazama, alimtazama Prof. "Lakini Mama Rukia akisha sema tamu, benzake bote banasema tamu. Na kwa sinia ingine vile vile. Mama mukubwa mumoja anakunja uso, bote banakunja. Ile ni sauti moja, inatoka mu vinywa sita."

Prof aliacha kutafuna. Nakumbuka mafuta mekundu kwenye kidole chake na jinsi alivyokishikilia hewani asichafue kitu. Akasema, taratibu, kwa Kirundi, neno la mshangao analolisema mtu aliyepita mahali kila siku akaona mlango leo. Kisha akainuka na chakula chake akaenda ubaoni. Alichora duara sita. Kama majibu ya sinia moja yanavutana, alisema, basi ukitaka kuuliza bahati ingefanya nini, huwezi kumng'oa mama mmoja hapa ukampeleka kule kana kwamba hajakaa na wenzake. Unachanganya sinia nzima, zilivyo, na watu wake wote. Na sinia sita, tatu huku tatu kule, kuna njia ishirini tu za kuzigawa. Nabintu alikwisha kuzifikiria. Tukaziandika zote pale pale, chakula kikipoa. Sinia mbili za kichanja zilikuwa juu kabisa, lakini ya tatu ilikuwa karibu na mkia, chini ya sinia mbili za mchanga, kwa sababu kiongozi wake alikuwa amekula ndagala za mchangani maisha yake yote na alitaka ile ladha ya ukoo. Njia nne kati ya zile ishirini zilitoa matokeo mazuri kama yetu au kuyazidi. Mara moja kwa kila tano, bahati tupu ingeweza kutufanyia vilevile. Jambo lililokuwa haliwezekani lilikuwa limegeuka jambo la kawaida, na hakuna ndagala hata moja iliyobadilika.

"Nabintu," alisema Prof. Jina tu. Ningetoa mkono wangu mmoja aniite mimi namna ile.

Nilimfuata kisimani baadaye. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia mimi kwanza, tunalala kitanda kimoja. Akajaza ndoo yake mpaka ukingoni kabla ya kujibu. "Ningekuambia weye," alisema, "ungeenda kumuambia Prof kama ni yako." Ni kweli ningefanya hivyo, na mpaka leo sijaona ubaya wake. Kilichoniuma ni kitu kingine. Nilikuwa nimeketi mle ndani. Niliketi kwenye sinia yenyewe, nikamsubiri Mama Rukia afumbue macho kama wale wengine, nikaona ni adabu njema. Yeye alisimama na birika akaona hesabu. Nilimwonea wivu hata kwa kutokaribishwa kuketi.

Mwisho wa mwaka Prof alitangaza mezani, kwa maneno machache, na hakuna aliyeshangaa. Mama yake Nabintu alivuka ziwa kutoka Uvira na kuku wawili wa kumshukuru Prof, akanipa mimi kitenge kwa kuwa dada kwa mwanawe. Nilikivaa mpaka kikachanika. Mimi nilibaki, nikasoma nilichoweza kusoma hapa, nikawa mwalimu wa takwimu, na kila mwaka nafundisha lile somo la sampuli mbili kwa mfano wa sinia, na kila mwaka darasa linacheka kwenye rang na rangi na linanyamaza kwenye sinia. Nimekuwa na muda mrefu wa kulitafakari. Kuna wakati nilijitungia hoja ya kukata rufaa: kwamba Prof naye alikosea sharti lake, maana mimi na Nabintu tulikuwa sinia moja. Kitanda kimoja, taa moja, kitabu kimoja, chungu kimoja. Akisoma yeye sikuweza kulala, nikinuna mimi yeye hakuweza kusoma. Ungetulinganishaje kana kwamba kila mmoja alijitegemea? Lakini sikuwa na wa kumpelekea rufaa, na hata hivyo nililijua jibu. Nilishindwa mchana mmoja, kwa jambo moja ambalo yeye aliliona na mimi sikuliona. Ilikuwa karibu sana. Nilizoea kuishi na ukaribu ule, hata nikaupenda.

Tulikula mukeke kwenye kibanda cha makuti, miguu karibu na maji. Nyumba tulikuwa tumeipita, sasa ni duka la simu, na Nabintu alisimama mbele yake akapiga picha akaonekana kutaka kulia, mimi nikaenda kuangalia gari. Sasa alikuwa anachambua samaki kwa vidole, stadi kama zamani, anaacha mifupa mitupu. Aliniuliza kama bado nafundisha sinia. Nikasema ndiyo.

"Unajua," alisema, "benzangu kule bananisifu sana kwa ile hadithi. Ati nilikuwa na moyo, mwanafunzi muzima nikaharibu matokeo ya Prof mbele ya chakula chake. Mi nacheka. Moyo gani?" Akalamba kidole. "Pasipoti ilikuwa mu sanduku yangu tangu mwezi wa pili. Prof alinipeleka mwenyewe kuichukua, na makaratasi ya bursi yakaenda wakati vichanja bado havijafungwa waya. Alisema nisikuambie, ungeacha kazi. Kama ningekuwa bado naitafuta ile bursi, Zainabu, ningefunga kinywa. Nani anamuambia mutu ameharibikiwa, wakati maisha yako iko mu mkono wake?" Alimwita mhudumu alete chumvi. "Lakini weye ulikuwa unajua, si ndiyo? Tulilala chumba kimoja."

Mwezi wa pili. Siku ya rangi ilikuwa mwezi wa nne. Aliponiambia bila weye nimekufa, makaratasi yalikuwa yamekwenda. Nilijaribu kumtafuta yule msichana aliyekaa kwenye sinia ya Mama Rukia akishindwa kwa unywele mmoja, sikumwona, hakukuwa na mashindano aliyokuwa ndani yake. Mtu anaweza kuvumilia kushindwa. Nilihisi wivu mpya kabisa, mkali, kwa kitu ambacho kwa miaka yote hii nilidhani angalau ni changu: kule kushindwa kwa karibu.

"Nilikuwa najua," nikamwambia. "Prof aliniambia mwenyewe, hospitalini. Tulikuwa tukizungumza kila siku."

Vidole vyake vilisimama juu ya samaki. Chumvi ikaletwa, hakuigusa. Alikuwa anaangalia ziwa, halafu mimi, halafu ziwa.

"Kila siku," alisema. "Mi alinipigia simu mara moja tu." Akaisukuma sahani kando. "Alikuambia nini ingine?"

"Mengi," nikasema.